Kichwa cha Gia Chenye Upara

Katika magari makuukuu yanayopita Lweba, kati ya Baraka na milima ya Fizi, hakuna kiungo kinachodharauliwa kama kichwa cha gia. Taa ikifa itaulizwa, breki ikilegea itasemwa, hata kioo cha pembeni kikipotea mwenye gari atakitafutia mrithi siku moja. Lakini lile tufe dogo juu ya mkono wa gia, ambalo hapo zamani lilikuwa na vijistari na namba kuanzia 1 mpaka 5, likishapita katika viganja vya mashofere watano mfululizo hubaki na upara unaong'aa kama kichwa cha mzee aliyetoka kuoga ziwani, na hakuna anayeomboleza. Abiria wa kiti cha mbele, amepakata mfuko wa ndagala, hulitazama tufe hilo akajiuliza swali la haki kabisa: huyu bwana anajuaje wapi ni mbele na wapi ni nyuma? Swali si la kupuuzwa, maana huku kuna mlima na huku kuna Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470 na linaweza kuipokea hata Fuso iliyopakiwa mpaka juu bila kujaa. Rai yangu ni kwamba abiria huyu anamwogopa asiye na hatia. Kichwa chenye upara hakijawahi kumdanganya mtu. Cha kuogopa ni kile chenye maandishi.

Kichwa cha gia hukazwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa, na kila kinachokazwa hivyo hufunguka. Gari lililoundwa Japani, likatumika huko hadi likachokwa, likavuka bahari, likauzwa, likauzwa tena, haliwezi kufika pwani ya Fizi likiwa na viungo vyake vyote vya kuzaliwa. Kioo ni cha ndugu yake, mlango ni wa jirani, na kichwa cha gia ni cha marehemu fulani aliyelala nyuma ya karakana akiwa hana magurudumu. Kama hakiingii sawasawa, fundi hukata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakiviringisha kwenye ncha ya mkono wa gia, akakisukuma kichwa mpaka kikubali yaishe. Sasa chukua kichwa cha Toyota Hilux ya gia tano. Mchoro wake unasema gia ya kwanza iko kushoto juu, na ya kurudi nyuma iko kulia chini kabisa, chini ya ile ya tano. Kivike juu ya mkono wa Mitsubishi Canter ya gia tano. Kwenye Canter, kushoto juu ndiko kunakokaa gia ya kurudi nyuma. Ya kwanza iko chini yake, ya pili na ya tatu mstari unaofuata, ya nne na ya tano mstari wa kulia. Kwa hiyo mtu msomi, mwenye kuheshimu maandishi, ataketi, atakisoma kichwa kwa makini, ataweka gia ya kwanza kama alivyoelekezwa, ataachia klachi kwa madaha, na lori zima na mihogo yake litaanza safari ya kwenda Baraka kinyumenyume. Mjinga mwenye kichwa cha upara asingefanya hivyo. Angeuliza kwanza.

Na kuuliza ndiko kunakoendesha magari huku, kuliko dizeli. Mchoro wa gia hudhani kwamba dereva ni mpweke, ameingia ndani ya gari asilolijua, hana mtu wa kumwambia lolote. Nani amewahi kuwa mpweke ndani ya lori la Fizi? Kuna mwenye mzigo, kuna mama mwenye kuku, kuna taniboi, kuna babu aliyepanda bure kwa sababu ya ukoo, na wote wanaijua gia ya pili ya gari hilo kuliko wanavyojua siku zao za kuzaliwa. Hata lugha ya jambo lenyewe imegawanyika: huku wengi wanasema vitesi, ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wanasema gia, na bado shofere wa huku na dereva wa kule watakabidhiana lori kwa maneno matatu na ishara moja ya mkono hewani.

Lakini tuseme watu wote wameshuka kula sombe na ugali, na mchoro ndio uliobaki peke yake. Bado hausaidii sana, na sababu iko kwenye usukani. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na Tanzania upande wa kushoto, lakini gari likishavuka mpaka halibadilishi tabia: lile la Japani linabaki na usukani wake wa kulia. Sasa, waundaji walipouhamisha usukani, waliuacha mpango wa gia vilevile. Katika gari la usukani wa kushoto, shofere hutumia mkono wa kulia, na kutafuta gia ya kwanza ya Hilux ni kuvuta kuelekea goti lake, kisha kusukuma mbele. Katika gari la usukani wa kulia, hutumia mkono wa kushoto, na gia ileile ya kwanza iko mbali na goti lake, upande wa abiria. Mchoro ni mmoja, haukugeuzwa kama sura kwenye kioo. Macho yanaona jambo lilelile, mkono unaambiwa kinyume chake. Na mkono haujui kushoto wala kulia. Unajua "kwangu" na "kwake". Ndiyo maana shofere aliyezoea gari la usukani wa kushoto akipewa la usukani wa kulia, siku ya kwanza hutafuta gia ya kwanza akaipata ya tano, gari likatikisika kama mtu mwenye homa ya malaria, likazima, na abiria wote wakageuka kumtazama kwa upole unaouma. Hapo kichwa kina namba zake zote tano, nyeupe, safi, zinasomeka.

Kuna pia jambo ambalo mtu akiliona mara moja hawezi kuacha kulicheka. Mchoro uko mahali ambapo kiganja hukaa. Wakati unapouhitaji, umeufunika; wakati unapouona, huna kazi nao. Ni kama kumwandikia mtu jina la mgeni wake kwenye nyayo. Halafu kuna uzee. Bushi za plastiki chini ya mkono wa gia zikishakwisha, mkono huogelea. Gia ya tatu, ambayo kwa mujibu wa mchoro iko katikati juu, huhamia kidogo kulia, kisha kidogo zaidi, hadi siku moja unaikuta jirani na dashibodi ukiwa umenyoosha mkono kama anayesalimia. Mchoro unabaki kueleza kijiji kama kilivyokuwa kabla watu hawajahama. Kinachobaki cha kweli ni springi: ukiuacha mkono wa gia huru kwenye nyutro, kama springi bado ina uhai, utarudi wenyewe kwenye mstari wake wa katikati, na kutoka hapo kidole kinaweza kupapasa mstari wa kushoto na mstari wa kulia gari likiwa limezimwa. Kisha injini ikiwaka, mahali tambarare, klachi inaachiwa kidogo tu, mpaka gari linapoanza kukaza, na gari lenyewe linajibu linakoelekea. Jibu hilo halina makosa ya chapa.

Nasikia mwanasheria akikohoa. Atasema Marekani waliliona jambo hili zamani: kanuni yao ya usalama namba 102, iliyoanza kutumika 1968, inataka mpangilio wa gia uonyeshwe mahali dereva anapouona. Ni kweli, na siwacheki. Ila isome vizuri: haisemi lazima uwe juu ya kichwa cha gia. Kibandiko kwenye dashibodi kinatosha, na hapo kanuni hiyo ina akili kuliko watengenezaji waliolipeleka jambo lote chini ya kiganja. Tena kanuni inamhusu mwenye kiwanda siku gari linapozaliwa. Haimjui fundi mwenye kipande cha mpira wa baiskeli.

Pingamizi lenye uzito linatoka kwingine. Shofere ameshikwa na tumbo usiku, njia ya kupanda Fizi, mvua imenyesha, taniboi amelala juu ya mzigo, na anayebaki mwenye leseni hajawahi kuligusa gari hili. Huyu hana wa kumuuliza ila mgonjwa, na mgonjwa anajibu kwa kuguna. Upara wa kichwa umemsaidia nini? Hapa narudi hatua moja, nami narudi kwa kujua gia yangu iko wapi. Gia za kwenda mbele zinajitambulisha zenyewe: ukikosea ukaweka ya tatu, injini inalia na kuzima, basi, umeaibika tu. Gia ya kurudi nyuma ndiyo pekee inayoua, na ndiyo pekee ambayo kila kiwanda kimeificha kwa mtindo wake. Hilux inaiweka kulia chini. Canter inaiweka kushoto juu. Volkswagen ya kobe inataka uukandamize mkono wa gia kwenda chini, uupeleke kushoto, kisha uuvute nyuma, kama anayefungua sanduku la bibi. Namba 1 mpaka 5 zifutike zote, sitazililia. Mahali pa R, ile ya kurudi nyuma, panadai alama, na alama hiyo iwekwe mahali ambapo haiwezi kufunguliwa na kuvikwa gari lingine.

Rangi ipo. Hilo ndilo linalonishangaza. Lori linalopita Lweba limeandikwa jina la Mungu juu ya kioo cha mbele, onyo kwa wenye wivu kwenye bampa, na kwenye tela jina la mtoto wa kwanza wa tajiri, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha njano. Mchoraji amelipwa, kopo halijakwisha, na hakuna aliyesema: bwana, hebu weka R moja na mshale kwenye dashibodi. Land Rover za zamani zilitumia ujanja huu bila hata herufi: kichwa chekundu kwa mkono wa gia nzito za milimani, cha njano kwa ule unaokandamizwa kuyaamsha magurudumu manne, na mtu asiyejua kusoma aliambiwa mara moja tu akashika. Tena R ni herufi yenye bahati. Mwenye Kiingereza anaisoma kwa lugha yake, mwenye Kifaransa ana neno lake la kurudi nyuma linaloanza nayo, na sisi tunayo "rudi", kama vile waliokaa kuichagua walikuwa na Mbembe mmoja wa huku kikaoni.

Hata hivyo, siku R itakapochorwa, sitarajii taniboi abadilike. Yeye yuko nyuma ya gurudumu la kulia, ameinama, mikono juu ya jiwe linalozuia tairi, na dashibodi haioni. Anachokiona ni moshi na matope kwenye tairi. Lori likinguruma kutaka kuondoka, hainui jiwe. Atasubiri tairi lizunguke robo, aone limezungukia wapi, ndipo aseme, "Twende."