Sifa za Mwenyeji Asiyefungua Mlango

Wapo waliosifia farasi, wapo waliosifia majahazi, na kila baada ya miaka mitano wapo wanaosifia wagombea. Mimi naisifu laptopu iliyokataa kuwaka kwa flashi. Namaanisha ile uliyompelekea fundi aipige Windows upya. Flashi ikachomekwa, kitaa chake kikakonyeza mara mbili, mashine ikageuza uso na kurudi kwenye Windows ileile inayoganda. Au, kama diski nayo imeshakufa, ikaandika mstari mmoja mweupe kwenye kioo cheusi: hakuna kifaa cha kuwashia. Kipo. Kimechomekwa. Kinawaka taa. Yenyewe imesema hakuna, na haina muda wa kubishana nawe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijaona mgeni anayeistahili methali hiyo kuliko flashi ya Windows, maana huyu kweli amekuja kuponya. Wala sijaona mwenyeji aliyeikataa kwa msimamo kama huyu. Anaumwa, dawa iko mlangoni, na bado anauliza kwa utulivu: umetumwa na nani?

Kabla hamjamwita mkaidi, wakumbukeni wazazi wake. Kompyuta za zamani, zile zilizoamshwa na programu iitwayo BIOS, zilikuwa na ukarimu wa kutisha. Zilisoma baiti 512 za mwanzo wa diski, zikatazama mbili za mwisho, zikikuta 55 AA basi, karibu ndani, sebuleni, jikoni, mpaka chumbani. Swali la pili halikuwepo. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza kirusi kilichoitwa Brain, kikakaa hapohapo mlangoni, kwenye sekta ya kuwashia ya diski laini. Kikasambaa nchi nyingi kikiwa kimebeba majina yao, anwani yao na hata namba ya simu. Mvamizi anaacha namba ya simu, na mwenye nyumba bado anamfungulia! Ukarimu wa namna hiyo mimi siuhusudu.

Laptopu ya leo imelelewa vingine. Ina UEFI badala ya BIOS, na tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewashiwa Secure Boot: hakuna programu inayopewa usukani wa kuwasha bila sahihi inayotambulika. Sisi tuliozoea kuombwa barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa tunapokwenda kufungua akaunti tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa mashine hii. Hata Linux, inayojitangaza kuwa haina bwana, ikija kwa sura ya Ubuntu au Fedora hubisha hodi ikiwa na kipande kidogo cha programu kilichosainiwa na Microsoft. Nani mwingine duniani amewahi kuwapatanisha hawa wawili?

"Bosi, hii mashine yako ina jeuri," fundi atakwambia, kidole kikiwa bado juu ya F12.

Jeuri ndiyo sifa yenyewe. Kila ukoo wa laptopu una hodi yake, na hodi ya jirani haifungui. Dell husikia F12. HP inataka Esc kwanza, halafu F9. Asus, Esc. Acer ni F12, lakini nyingi haziisikii mpaka uingie kwenye mipangilio kwa F2 ukairuhusu hiyo F12, yaani hodi ya kuombea ruhusa ya kupiga hodi. Lenovo nyingi za IdeaPad zina kitundu ubavuni, unakichokonoa kwa ile pini ya kutolea laini ya simu, na mtu mzima na heshima zake anainama kuchokonoa. Nafasi ya kufanya haya yote ni sekunde moja au mbili, kabla nembo haijapotea. Ukichelewa, umekwisha, anza upya. Ndiyo maana mafundi hubonyeza mfululizo tangu kabla ya kioo kuwaka, wakiwa wamekunja uso, na mteja ameshika kiti hathubutu kuuliza bei.

Na kuna utamu wa pekee kumwambia mtu aliyekuwa akizima na kuwasha tangu asubuhi kwamba hajazima hata mara moja. Tangu hiyo Windows 8, ukibonyeza kuzima, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iamke haraka, na katika haraka hiyo mlango hupitwa bila mtu kutazamwa. Kuzima kwa kweli kumefichwa kwenye kitufe cha kuwasha upya, au ushikilie Shift ndipo uzime. Mwalimu gani mwingine angetufundisha hili? Kitabu cha maelekezo kilibaki kwenye boksi, na boksi lilibaki Dubai.

Lakini pale inapostahili kupigiwa vigelegele ni katika kuwaumbua wageni. Flashi nyingi zinazokataliwa zilistahili kukataliwa. Mtu amepakua faili la ISO akaliburuta ndani ya flashi kama wimbo, likakaa katikati ya singeli za harusi na CV ya shemeji, halafu anashangaa. UEFI ikifika hapo inatafuta folda iitwayo EFI, ndani yake BOOT, ndani yake bootx64.efi. Isipoikuta inaondoka zake, haisomi CV ya mtu. Mwingine ametumia Rufus, programu ya kutengenezea flashi za kuwashia, kama inavyotakiwa, ila amechagua mpangilio wa BIOS ya zamani kwa mashine inayojua UEFI peke yake. Mwingine amebanwa kwelikweli. UEFI nyingi husoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, wakati faili kubwa la Windows za siku hizi mara nyingi linazidi hapo. Akihamia NTFS, faili linaenea, ila mlango haufunguki. Rufus hulimaliza hilo kwa kutenga sehemu ndogo ya kuifundisha UEFI kusoma NTFS, na hapo naona mwenyeji hulegea kidogo, kwa heshima ya aliyejituma.

Halafu zipo flashi za uongo, zile zilizoandikwa GB 64 ubavuni na ndani hazifiki hata robo yake. Muuzaji amekuapia ni orijino. Kompyuta yako ya ofisini nayo ilizipokea, ikaonyesha 64 bila haya. Inayogoma katikati ya safari, faili likiwa limekatika, ni hii tunayoitukana.

Fundi mzuri hujulikana hapa. Kabla hajagusa mpangilio wowote, huichomeka flashi ileile kwenye mashine nyingine. Ikiwaka huko, mgeni hana kosa, na mazungumzo yahamie kwa mwenyeji. Asiye mzuri hubadilisha vitu vitano kwa mpigo, mashine ikiwaka hajui ni kipi kilichosaidia, na bei anaipandisha kwa sababu amehangaika.

Mkaidi kuliko wote ni anayetaka Windows 7 kwenye laptopu mpya. Huyo akishapata mlango ukafunguka, hukuta kinanda na mausi ya USB vimekufa ganzi, kwa kuwa Windows hiyo ya mwaka 2009 haikuja na draiva za USB 3.0. Au programu ya kusakinisha, iliyotoka kwenye flashi hiyohiyo, inamwomba draiva ya CD. Laptopu haina CD. Haijawahi kuwa nayo. Mwombaji hajali.

Basi unasalimu amri. Unaingia kwenye mipangilio, unazima Secure Boot, unasevu, flashi inawaka, unashangilia. Kabla hujaanza kufuta chochote unakumbuka picha za mtoto, kwa hiyo unachomoa flashi uirudie Windows ya zamani ukazitoe. Kioo kinakuja cha bluu. BitLocker, kufuli la diski la Windows, imeona kuna mtu amechezea mlango, nayo inaomba ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya mtu aliyekuuzia.