Namna ya Kuipiga Chenga Soda Mjini Nairobi

Sikiza, mwenzangu. Unajua soda ina sukari. Mwenye duka anajua, mtoto wako wa darasa la tatu anajua, na bado saa nane mchana pale Kencom, jua likiwa utosini, mkono wako unaingia kwenye friji na kutoka na chupa. Kiu haijali umesoma kiasi gani. Kwa hiyo sitakuomba uwe na nidhamu. Nitakufundisha kucheza rafu.

Kwanza, shika hesabu ya mkato. Geuza chupa. Lebo imebanwa nyuma kwa maandishi madogo, na mara nyingi imehesabiwa kwa mililita 100, kiasi ambacho hakuna mtu anayekunywa akaacha. Tafuta mstari wa sukari, chini ya ule wa wanga. Kwa soda nyingi za kawaida utakuta karibu gramu 10. Ukishika chupa ya nusu lita, ongeza robo ya namba hiyo: 10 inakuwa 12 na nusu. Hivyo ndivyo vijiko vya chai vya sukari vilivyomo, kila kijiko kikiwa gramu 4. Kwa chupa ya glasi ya mililita 300, punguza robo: vijiko 7 na nusu. Ya lita 2, zidisha kwa 5. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingekuwa bora zaidi ikibaki chini ya asilimia 5. Hiyo 5 kwa mtu mzima ni kama vijiko 6. Ile chupa ndogo ya glasi imeshapita.

Ukishapata jibu, usiseme gramu. Gramu hazimtishi mtu. Sema vijiko, tena kwa sauti, wenzako wa ofisini wakiwa nawe kwenye foleni. Ukishatangaza "hii ina vijiko kumi na viwili", utaona haya kuilipia mbele yao. Sote tunapenda kuonekana watu wa maana. Basi tumia hayo majivuno, hayana bei.

Pili, usijione mjanja kwa sababu umechukua juisi. Wengi wa Lavington na Kileleshwa wanaangukia hapa: soda wameacha, wameshika pakiti yenye picha ya embe lililopasuliwa, na nyuso zao zimetulia kama za watu waliotoka kanisani. Soma orodha ya viambato. Kinachotangulia ndicho kingi zaidi, na mara nyingi utakuta maji, kisha sukari, halafu ndipo tunda linajitokeza. Hata juisi ya machungwa matupu, isiyotiwa chochote, ina sukari inayokaribiana na ya soda. Ukitaka embe, nunua embe.

Tatu, agiza soda moto. Naam, ile isiyoingia frijini. Muuzaji akiuliza "baridi ama moto?", jibu moto bila kusita. Ubaridi huufanya ulimi usihisi utamu wote. Ubaridi ukiondoka, unabaki na sharubati nzito yenye povu. Utakunywa mafunda machache, kisha chupa utaisahau mwenyewe kwenye kiti cha matatu ya 46 kabla hujafika Kawangware.

Nne, hama njia. Katika supamaketi za Westlands, friji ndogo ya soda imewekwa palepale unaposubiri kulipa, umechoka na chenji iko mkononi. Panga foleni ya kaunta isiyo na friji, hata ikiwa ndefu. Hospitali moja kubwa ya Boston, Marekani, ilijaribu jambo hili katika mkahawa wake mwaka 2010. Kwanza vyakula na vinywaji vilitiwa alama nyekundu, manjano na kijani, na vinywaji vyekundu vikapungua kununuliwa. Miezi michache baadaye wakahamisha chupa za maji mpaka usawa wa macho. Vyekundu vikapungua tena, na maji yakauzwa zaidi kwa karibu robo. Rangi ilisaidia, na rafu ikasaidia juu yake.

Nyumbani, chukua kalamu ya wino mzito uandike 50 kwenye kifuniko cha ile chupa ya lita 2. Ni vijiko hivyo. Chile ililifanya jambo hili kwa nchi nzima Juni 2016, ikalazimisha alama nyeusi za pembe nane mbele ya bidhaa zenye sukari nyingi, ikazuia kuziuza shuleni na kuzitangaza kwa watoto. Ununuzi wa vinywaji vyenye alama hizo ulishuka kwa karibu robo. Mnunuzi hakuhitaji kugeuza chupa wala kupiga hesabu.

Sasa wageni na wenyeji. Ukimtembelea anti yako Kangemi, atamtuma mtoto dukani kabla hujaketi. Soda ni heshima ya mgeni, na kuikataa ni kumvunjia mwenyeji moyo. Wewe usikatae. Muwahi tu: "Anti, soda nakunywa kila mahali, lakini chai yako nitaipata wapi? Nipe ya rangi, sukari nitajiwekea." Atacheka, sufuria itapanda motoni, na kijiko kitakuwa mkononi mwako.

Imebaki rafu kubwa kuliko zote, ya bei. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilitoza kwa lita: shilingi 5 kwa maji ya chupa, na shilingi 5 hizohizo kwa soda. Vijiko kumi na viwili na sufuri vikalipa sawa. Kwa mpangilio huo, mtengenezaji anayepunguza sukari hapati nafuu hata ya senti. Uingereza ilipanga tofauti. Tangu Aprili 2018 kinywaji kilichoongezwa sukari hadi kufika gramu 5 kwa mililita 100 kinatozwa, na kikifika 8 kinatozwa zaidi, na makampuni mengi yalipunguza sukari mapema yasiguswe. Afrika Kusini ilianza mwezi huohuo kuhesabu kila gramu inayozidi 4.

Mswada wa Fedha huletwa kila mwaka, na Bunge la Taifa hualika maoni ya wananchi. Usingoje wakili. Mwandikie Karani wa Bunge ukurasa mmoja, taja kifungu cha ushuru wa vinywaji, kisha pendekeza mambo mawili: ushuru wa vinywaji vitamu uhesabiwe kwa gramu ya sukari, na maji yasitozwe.