Barua ya wazi kwa Bodi ya Simba: tupangieni makocha wetu

Kwa Bodi ya Wakurugenzi,
Simba Sports Club,
Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA ORODHA RASMI YA MAKOCHA BORA WA KLABU TANGU ENZI HADI LEO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunawaandikia kwa heshima na taadhima, sisi wanachama na mashabiki wa kijiwe cha kahawa. Kijiwe gani, hakuna haja ya kutaja, maana kesi hii iko kwenye kila kijiwe cha mji huu. Tulikaa kumpanga kocha bora wa Simba wa miaka yote, tukidhani ni kazi ya kikombe kimoja. Kahawa imekwisha, kashata zimekwisha, watu wawili hawasalimiani, na mwafaka hatujaupata. Kwa kuwa ninyi ndio mwajiri wa wote waliotajwa, tunaomba mtumalizie shauri hili.

Ugomvi ulianzia kwenye kipimo. Lipo kundi, na ndilo kubwa kuliko yote, lisilotaka kusikia habari za kombe wala pointi. Kwao kocha bora ni aliyemfunga mtani, Yanga, mabao mengi, basi. Mei 6, 2012, Milovan Cirkovic, 5-0, jalada likafungwa. Ukiwakumbusha kwamba msimu uliofuata Milovan huyohuyo hakuumaliza, wanakujibu kwamba hilo si kosa lake. Hapo, waheshimiwa, hatukuwa na la kuwabishia.

Wazee nao wanataka Afrika ihesabiwe kwanza. Wanaanzia 1974, nusu fainali ya Klabu Bingwa, tulipotolewa kwa penalti na Mehalla El Kubra ya Misri. Waulize nani alikuwa kocha, watakutajia wachezaji, Kibadeni na wenzake, namba kwa namba, hadi waliokaa benchi. Enzi hizo, inaonekana, kocha alikuwa mtu wa kufundisha mpira tu. Hapakuwa na msafara wa kumpokea uwanja wa ndege, wala picha akiwa ameshika jezi yenye jina lake mgongoni. Tunaelewa sasa kwa nini amesahaulika: hakutambulishwa vya kutosha.

Kisha akatajwa James Siang'a, na kijiwe kizima kikatulia. Mkenya huyu, mlinda mlango wa zamani wa Harambee Stars, mwaka 2003 aliipeleka Simba Cairo kucheza na Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika. Hapa nyumbani tulishinda 1-0, kule tukafungwa 1-0, na kwenye penalti kipa wetu Juma Kaseja akafanya aliyoyafanya, tukavuka. Waliokuwepo wanasimulia usiku ule hadi leo, na hata ambao hawakuwa wamezaliwa wanasimulia, tena kwa undani zaidi. Siang'a alishika namba moja kwa muda wa kikombe kimoja na nusu. Kijana mmoja akamwondoa kwa kuuliza swali la kihuni: ligi ngapi?

Vijana wana mtu wao, Patrick Aussems, Mbelgiji tuliyembatiza Uchebe. Msimu wa 2018/19 alifungwa tano na Al Ahly kule Misri, akafungwa tano na AS Vita kule Kinshasa, halafu akashinda mechi zote tatu za nyumbani na kuingia robo fainali ya Klabu Bingwa. Mtu aliyefungwa mabao kumi katika mechi mbili akavuka kundi! Novemba 2019, tukiwa tunaongoza ligi, mkampa mkono wa kwaheri. Kwa hili tunawapongeza. Klabu nyingine husubiri kocha aharibu kwanza ndipo zimfukuze. Ninyi mna subira ndogo na macho ya mbali.

Waheshimiwa, msidhani tunalalamika. Tulipokuwa tunapanga orodha ndipo tulipotambua huduma mliyoifanyia dunia. Sven Vandenbroeck alitwaa ligi mwaka 2020, Januari 2021 akaifunga FC Platinum 4-0 tukaingia makundi, na kabla sauti zetu hazijarudi baada ya kushangilia alikuwa njiani kwenda FAR Rabat. Fadlu Davids alikuja 2024, akatufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho, na Septemba 2025 akaenda Raja Casablanca. Hata watani zetu wa Jangwani wameiga: Nasreddine Nabi naye alitoka kwao 2023 akaenda FAR Rabat. Tungeomba Wamorocco wachangie angalau nauli, maana Kariakoo imekuwa kituo chao cha mafunzo.

Kipindi kilichotushinda kabisa kukipanga ni kile cha baada ya ubingwa wa 2012. Akaja Liewig, Mfaransa. Akaja Kibadeni. Akaja Logarusic. Akarudi Phiri, Mzambia aliyetupa ubingwa wa 2009/10 bila kufungwa, akapewa heshima ya kutimuliwa kama wengine. Akaja Kopunovic, akaja Kerr, akaja Mayanja, akaja Omog, akashika Djuma. Ubingwa ulirudi 2018 chini ya Pierre Lechantre, mtu aliyeipa Cameroon Kombe la Afrika mwaka 2000, na siku Rais Magufuli alipokuja kutukabidhi kombe tukafungwa 1-0 na Kagera Sugar. Mwezi uliofuata Lechantre hakuwepo. Katibu wetu alijaribu kuwapanga wote hawa kwa ubora, akaishia kuwapanga kwa alfabeti.

Tatizo la kitaalamu ni kwamba hatuna ushahidi. Mtu aliyekaa miezi mitano utampimaje? Zoran Maki alipokelewa katikati ya 2022, na Septemba ilipofika alikuwa Misri. Tulichobaki nacho kama kumbukumbu ni taarifa kwa umma, nazo karibu zote ni moja: pande zote mbili zimekubaliana, klabu inamshukuru, inamtakia kila la heri. Kwa mujibu wa maandishi yenu wenyewe, ni nadra Simba kumfukuza mtu. Imezungukwa tu na wanaume wanaokubaliana nayo sana.

Hapo ndipo muuza kahawa, ambaye kwa kawaida hachangii, akatuuliza swali lililotufanya tuandike barua hii. Alitaka kujua, kati ya kocha mmoja kuondoka na mwingine kutua, timu huwa inafundishwa na nani?

Tukatazamana. Zoran alipoondoka aliitwa Juma Mgunda kutoka Coastal Union ya Tanga, awe kaimu. Kaimu huyo akaifunga Nyasa Big Bullets nyumbani na ugenini, akaifunga Primeiro de Agosto ya Angola nyumbani na ugenini, akatuingiza makundi ya Klabu Bingwa. Januari 2023 akaja Robertinho, Mbrazili, na Mgunda akasogezwa pembeni, baadaye akapelekwa Simba Queens. Novemba 5 mwaka huohuo Robertinho akala 5-1 mbele ya Yanga na pande zote mbili zikakubaliana haraka sana. Akaja Benchikha wa Algeria, naye Aprili 2024 akaondoka. Akaitwa nani? Mgunda. Pembeni yake Selemani Matola, kiungo wa kikosi kilekile kilichoing'oa Zamalek, ambaye amewasaidia makocha wa mabara mbalimbali, amewapokea, amewaaga, na kila wakiondoka anabaki na filimbi mkononi.

Nafasi ya Kocha Mkuu wa Simba ni ya muda, waheshimiwa. Nafasi ya kudumu ni ya Kaimu.

Mjumbe mmoja akasema Mtanzania hana uzoefu wa mechi kubwa za Afrika, ndiyo maana hapewi. Wazee wakamcheka. Simba imecheza fainali mbili za Afrika katika uhai wake. Ya Mei 2025 ilikuwa ya Fadlu: Berkane wakatufunga 2-0 kwao, tukatoka 1-1 Zanzibar. Ya kwanza ilikuwa 1993, Kombe la CAF, dhidi ya Stella Abidjan: sare ya bila bao kule Ivory Coast, na hapa Dar es Salaam, Rais Mwinyi akiwa jukwaani, tukafungwa 2-0. Kocha wa fainali ile alikuwa Abdallah Kibadeni, aliyeifunga Yanga mabao matatu peke yake siku ya 6-0 ya Julai 1977. Ilichukua miaka 32, na pasipoti za rangi zote, kufika tena pale alipofika mtoto wa mjini. Mlipomrudisha 2013 hakufika mwisho wa msimu. Uzoefu ulimzidi, nadhani.

Shabiki wa Yanga aliyekuwa amekaa nasi, kwa kahawa yake mwenyewe, alianza kujichekesha. Tukamkumbusha Zlatko Krmpotic, aliyetimuliwa 2020 hata kabla hajajua njia ya Kariakoo. Tukamkumbusha Gamondi, mwenye ubingwa na ile 5-1 yake, aliyefungwa na Azam na Tabora United mfululizo na kuondolewa Novemba 2024. Akanywa kimya.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Orodha itoke na mhuri, ili wale wawili wasalimiane. Iwe na safu ya makaimu, nayo iwe ya juu. Mkiona vigumu kuwapa Mgunda na Matola cheo kamili, basi cheo cha Kaimu kitangazwe rasmi, kiwe na mkataba wa miaka mitatu, mapokezi ya uwanja wa ndege (atokee Tanga au Temeke, si kitu, azungushwe tu na aingie kwa mlango wa wageni), na jezi yenye jina. Huenda akivaa tai na kuzungumza kupitia mkalimani, mkamwona.

Jambo la mwisho ni dogo. Kwenye orodha hiyo wekeni pia majina ya waliowaajiri na kuwaacha makocha hawa wote, mwaka kwa mwaka. Kijiwe kinataka kuanza mjadala mwingine, na tumeshaagiza kahawa.

Wenu katika Nguvu Moja,

Katibu wa kijiwe (anakaimu)

Nakala:
Ubalozi wa Morocco, Dar es Salaam – kwa taarifa na shukrani
Kocha Mkuu (jina lijazwe siku ya kupokea barua) – kwa taarifa
Kaimu Kocha – kwa utekelezaji