Kutengeneza Taa ya Ndani Bila Kuigusa

Usiseme taa imeharibika. Sema gari lina kazi ya umeme. Ukiingia soko la Gakoromone alfajiri na pikapu ya Peugeot 504 iliyojaa kabeji za Kibirichia, ukatamka neno hilo mbele ya vijana wa gereji, watakuzunguka kabla hujazima injini. Ni vizuri wawe wengi. Mmoja atafungua kava, mmoja ashike tochi ya simu, na waliobaki waseme walijua.

Kazi ya kwanza ni kubadilisha betri. Taa haiwaki, betri ni ya umeme, ushahidi umekamilika. Starta inazungusha injini bila kulalamika na honi inasikika mpaka Makutano, lakini hayo yasikutie shaka. Balbu ya wati 5 ndiyo inayojua siri za betri. Betri mpya ikishindwa, nunua altaneta. Altaneta ikishindwa, mwambie fundi avute waya mpya kutoka bonetini hadi taa za nyuma.

Karo ya muhula ikishaisha, sasa una ruhusa ya kusukuma kile kiswichi kilicho kwenye taa yenyewe. Kwa kawaida kina nafasi tatu: ya kuwaka tu, ya kuzima tu, na ya kufuata mlango. Huenda mtoto alikichezea, au gunia la viazi lilikigonga likipita. Kiweke kwenye kuwaka tu. Taa ikiwaka, basi balbu, fyuzi na waya wa moto vyote ni vizima, na ugonjwa uko upande wa mlango. Habari hii ingefaa kuja mwanzo, ila ingewanyima watu kazi.

Kwenye magari mengi ya zamani, moto hufika kwenye taa wakati wote. Kinachongojewa ni arthi. Tazama nguzo ya mlango uone kitufe kidogo, mara nyingi kimevikwa mpira. Mlango ukifunguliwa kinachomoza na kuunganisha waya na bodi, taa inawaka. Ukifungwa kinabonyea, arthi inakatika. Kitufe chote kinategemea skrubu moja iliyoshika chuma kitupu, na chuma kitupu ni kitu adimu katika gari lililopita mvua nyingi za Novemba kwenye udongo mwekundu wa Imenti. Kutu huingia. Au uliwahi kupaka gari rangi mpya ili lipate mnunuzi, na fundi wa rangi akapuliza hadi kwenye nguzo, kitufe na vyote. Rangi haipitishi umeme. Gari linang'aa nje, ndani giza.

Rudisha kiswichi kwenye kufuata mlango, fungua skrubu, vuta kitufe, chomoa waya, uuguse kwenye chuma kilichokwanguliwa. Taa ikiwaka, waya hauna kosa. Piga msasa kitufe na mahali kinapokaa, au nunua kingine. Kabla ya hapo, funga waya kwa kamba. Ukiuachilia utateleza na kurudi ndani ya nguzo, na hapo fundi ataagiza chai, kwa kuwa siku imekuwa ndefu.

Kama taa haiwaki katika nafasi yoyote, anza na balbu. Mara nyingi ni ile ya mrija, yenye ncha mbili zilizobanwa na vibano. Vibano hulegea na kushika kutu, vikaze kidogo. Ukiweka ya LED isiwake, igeuze kwanza kabla ya kumrudishia muuza spea pamoja na matusi, kwa kuwa nyingine hutaka moto upande mmoja tu. Halafu kuna fyuzi. Katika magari mengi fyuzi hiyo hiyo hulisha saa na kumbukumbu ya redio, kwa hiyo redio inayosahau stesheni zako kila asubuhi inakuonyesha pa kuanzia. Wajuzi hawanunui fyuzi. Huzungushia waya wa shaba. Fyuzi iliwekwa iungue ili waya za gari zisiungue. Ukiifunga kwa shaba, waya zenyewe zitachukua zamu, juu ya kichwa chako, katikati ya sponji ya dari.

Kuna pia taa yenye ugonjwa wa kutozima. Balbu ya wati 10 kwenye volti 12 inakula karibu ampea 0.8, na gari likilala kwa saa 12 hapo ni kama ampea-saa 10, zinazotosha kuilaza betri iliyozeeka. Utasukumwa na wapakia mizigo wa sokoni, ambao bei yao hupanda kadiri kabeji zinavyonyauka. Dawa ya wenyeji ni bigijii iliyotafunwa pamoja na miraa tangu jioni, ikabandikwa pale mlango unapogusa kitufe, ili kibonyee hadi mwisho. Inashika vizuri sana mpaka jua la saa saba.

Ukifaulu nusu tu, yaani taa inatii mlango lakini swichi yake imekufa, jiandae kwa safari za usiku. Kwenye kizuizi cha barabara ya Chuka askari ataamuru uwashe taa ya ndani. Usimweleze mambo ya arthi. Fungua mlango, lakini polepole, mikono yote ikionekana, useme kwa heshima, "Samahani afande, hii yangu huwaka kwa mlango."