Freud Anasali Jumuiya Gani?

Jamani, asikudanganye mtu. Kusoma saikolojia kwenye chuo cha kanisa ni mateso. Unashukiwa kotekote.

Lekcha anaanza kipindi na sala. Tunafumba macho, tunainamisha vichwa, amina. Tukifumbua tu, ubaoni yupo Freud! Yule mzee wa Vienna aliyetoa kitabu kizima mwaka 1927 kusema dini ni njozi, eti mtu mzima bado anatafuta baba wa kumlinda. Sasa mtihani umekuja, niandike nini mimi? Ada yangu usharika unachangia. Nikisema Freud kapatia, mchungaji akiiona karatasi nimekwisha. Nikisema kachemka, lekcha ananishikisha sapu. Nikaandika Freud aombewe. Sapu nikashika vilevile, na mchungaji akataka kujua huyo Freud anasali jumuiya gani.

Halafu kuna Pavlov. Mrusi, mtoto wa padri wa Kiorthodoksi, tena na yeye alipita seminari kabla ya kukimbilia sayansi mwaka 1870. Aliwazoesha mbwa kusikia sauti fulani kabla ya kula, mwisho wakiisikia tu, mate yanawachuruzika hata kama sahani tupu. Darasa zima tukawacheka wale mbwa. Sasa chuo chetu kengele ni moja, inayoitia ibada ndiyo inayoitia maharage. Zamu yangu ya kuongoza sala ya asubuhi ikafika. Kengele ngo! Mate yakajaa. Nikasali vizuri tu, nikamalizia, "Na uwabariki waliokiandaa." Kanisa zima kimya. Hata chai haikuwepo. Tangu hapo wenzangu wananibwekea bwenini.

Nyumbani nako mama ana presha kwamba nitapotea. Nikamtuliza. Mama, Wundt aliyefungua maabara ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, baba yake mchungaji. Jung, baba yake mchungaji. Carl Rogers mwenyewe alipitia seminari kule New York. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hakuna hata mmoja aliyebaki, baba?"

Mtaani ndiyo usiseme. Wanadhani nasoma mawazo, wengine wanadhani nakemea mapepo. Jirani kanikamata juzi, kanimwagia habari za mumewe tangu uchumba. Mimi na Rogers wangu: sikiliza, usihukumu, mrudishie hisia zake. Nikatikisa kichwa kitaalamu nikasema, "Naona mama una uchungu." Akanikazia macho. "Mwanangu, hilo ndilo wanakulipia ada?"

Akaenda zake kwa muuza vitumbua. Yule mama darasa la saba hakumaliza. Sijui alimwambia nini, maana jirani alirudi anacheka mpaka kanga inamvuka.

Siku hizi na mimi shida zangu nazipeleka hukohuko. Anasikiliza vizuri kweli, ila kwanza anataka nimalize deni la vitumbua.