Herufi za Kikauboi

Jumatatu
Mwenye bucha amekuja na simu yenye picha ya bango la filamu ya kauboi. Anataka lake liandikwe vilevile: herufi nene, zimelalia mbele, chini zina miguu mipana ya mraba kana kwamba zimevaa buti. Maneno ni BUCHA YA UHAKIKA. Kioo cha simu kimepasuka. Herufi zinazoonekana vizuri ni mbili, na zote hazimo kwenye jina lake.

Jumanne
Mpwa wake aliyeko Mpanda ametuma faili. Tumeifungua steshenari. Fonti haimo kwenye mashine, hivyo kompyuta imeweka nyembamba ya kuandikia barua. Nyama ikawa inatangazwa kwa unyenyekevu. Umeme umekatika. Tumerudi kwenye brashi.

Jumatano
Kijana wangu anauliza kwa nini makauboi waliandika hivi. Nimemweleza kwamba hawakuandika wao. Herufi za miguu ya mraba zilianzia London, kwa wachapaji wa matangazo waliotaka maneno yapige kelele. Marekani wakazichukua. Herufi kubwa ya risasi ilikuwa nzito na ghali, ndipo Darius Wells wa New York akazitengeneza za mbao. Mwaka 1828 akatoa katalogi yake. Kuanzia hapo, sarakasi, minada na majambazi wanaotafutwa vikatangazwa kwa herufi za mtindo huo.
Kijana akauliza kama Wells alichukua advansi. Nimemwambia aendelee kupiga msasa.

Alhamisi
Nimechora kwa penseli. Ubao aliouleta mteja ni mfupi na herufi hizi zinapenda nafasi. A ya mwisho imebaki nje.
“Fundi, zipunguze miguu.”
Nikazipunguza. Ikawa inasomeka kama ofisi ya mtendaji. Tumerudisha miguu, tumefuta YA.

Ijumaa
Rangi nyekundu imeingia, ubao umepigiliwa. Mzee mmoja amesimama akitazama.
“Shikamoo, mzee.”
“Marahaba. Mwanangu, banda lenu linaanguka.”
Nimeweka pima maji: ubao umenyooka. Mwenye bucha hakuridhika. Ameagiza tuuinue upande wa kulia mpaka herufi zisimame. Sasa zimesimama. Mstari wenyewe unapanda mlima.

Jumamosi
Tumeushusha, nimepaka mkono wa pili. Kabla haujakauka, ng'ombe wa mnadani wamepita. Vumbi lote la Usevya limeganda kwenye UHAKIKA. Nilikuwa natafuta spiriti ya kufutia, mwenye bucha akanishika mkono: hivyo ndivyo ilivyo kwenye filamu. Salio atalipa akiuza mpunga.

Jumapili
Mchungaji wa ng'ombe mwenye kofia pana ameuliza picha inaanza saa ngapi na kiingilio ni shilingi ngapi. Ameelekezwa. Amenunua nusu kilo ya maini, lakini usoni bado anasubiri picha.
Jioni dada wa saluni ya jirani amekuja. Anataka herufi kama hizo, ila zake zilalie upande wa pili, zisigongane na za bucha. Nimechukua advansi.