Mjadala wa Karai, Tofali na Chura wa Sironga

Mkurupuko wa dhahabu, yaani mmiminiko wa ghafla wa watu kuelekea mahali ambapo madini hayo yamegunduliwa, hutajwa na wengi kuwa ndio mama wa miji. Dai hilo lilijadiliwa kando ya kinamasi cha Sironga, katika Kaunti ya Nyamira, na wajumbe watatu: Karai, aliyezeeka akiosha mchanga wa dhahabu huko Migori kabla ya kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu, Tofali, aliyetoka tanurini juzi na ambaye majivuno yake yalikuwa hayajapoa, na Chura, mkazi wa shimo ulimochimbwa udongo wa Tofali, ambaye hakualikwa.

KARAI: Historia haina utata, Ndugu Tofali. San Francisco ilikuwa na watu wapatao 1,000 mwaka 1848, na miaka miwili baadaye walikuwa wamepita 20,000. Johannesburg, iliyoanzishwa mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu, ilikuwa na watu kama 100,000 ilipotimiza miaka 10. Hata hapa jirani, Kaunti ya Migori, yenye machimbo ya Nyatike, ilihesabiwa watu 917,170 mwaka 2009 na 1,116,436 mwaka 2019, na hao karibu 200,000 walioongezeka ni matunda ya kazi ya makarai.

TOFALI: Kwa heshima zote za uzee, Mzee Karai, jumla ya sensa haimtengi aliyefuata dhahabu na aliyezaliwa na mama asiyewahi kuiona. Migori huzaa, hulima miwa na tumbaku, na hufanya biashara ya mpakani kule Isebania. Tena machimboni kwenyewe si wote wanaochimba. Mawe yakishatolewa shimoni hupondwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, kisha unga wake huoshwa na dhahabu hunaswa kwa zebaki, ambayo ni metali ya majimaji yenye sumu. Na kila hatua ina mtu anayeuza maji kwa mtungi, anayekaanga mandazi, anayechaji simu na anayekodisha chumba cha mabati. Mchimbaji huweza kumaliza wiki bila chembe, lakini muuza mandazi hulipwa asubuhi ile ile.

KARAI: Basi hao nao wameletwa na dhahabu, na hoja imekwisha.

TOFALI: Wameletwa, lakini hawakufungwa kamba. Habari ya shimo jipya ikivuma, mabati hung'olewa, misumari hunyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe ili itumike tena, na mtaa mzima hupakiwa kwenye lori kabla ya jua kutua. Kakamega ilifanywa makao ya utawala mwaka 1920, miaka 11 kabla ya mkurupuko wa 1931, na kwa hiyo mgodi wa Rosterman ulipofungwa mwaka 1952, ofisi, hospitali na soko havikufungwa pamoja nao, na mji ukaendelea kukua. Macalder, iliyokuwa na shaba na dhahabu lakini haikuwa na makao ya namna hiyo, ilibaki kituo kidogo baada ya mgodi wake kufungwa mwaka 1966. Dhahabu huita watu. Matofali ndiyo huwaweka.

CHURA: Na hao wanaoitwa, huitwa kutoka wapi?

KARAI: Kelele za chura hazimzuii ng'ombe...

CHURA: Ng'ombe amekwisha kunywa maji, na swali bado lipo. Nyamira ilikuwa na watu 598,252 mwaka 2009 na 605,576 mwaka 2019, yaani ongezeko la watu 7,324 kwa miaka 10, ilhali wodi za wazazi hazikuwa tupu. Hapa watu 675 hugawana kilomita moja ya mraba, na kijana aliyerithi shamba la upana wa migomba mitatu hahitaji dhahabu ili aondoke. Nauli ya Nairobi inatosha. Mkurupuko hauumbi mtu hata mmoja. Humhamisha tu, na daftari la huko humsifu bila daftari la hapa kuulizwa.

TOFALI: Hilo linathibitisha kwamba wanahitaji nyumba.

CHURA: Na nyumba inahitaji kinamasi. Mwaka 1932 sheria ya ardhi ya Waafrika, iliyopitishwa miaka miwili tu nyuma, ilirekebishwa haraka ili ardhi ya Kakamega itwaliwe kwa ajili ya madini bila baraza la wenyeji kushauriwa na bila kiwanja cha fidia, na ikaitwa maendeleo. Huku Sironga udongo huchimbwa, mikaratusi hukatwa ili kulisha tanuru, na mashimo yanayobaki hujaa maji. Vyura wameongezeka sana humo, wala hakuna msomi aliyeandika kwamba tofali ndilo mama wa vyura.

Kabla hoja hiyo haijajibiwa, mfyatua matofali alifika, akampandisha Tofali kwenye lori lililokuwa likielekea Migori, kisha akamchukua Karai na kuanza kuchota maji ya shimo ili udongo uliobaki chini ufikiwe. Chura alihamishwa kwa utaratibu wa mwaka 1932.